Hakuna Mmea Unaoitwa Gugu

Kuna gugu maji kule Kisumu. Kuna gugu karoti kando ya barabara. Lakini gugu tupu, gugu lisilo na jina la pili, halipo. Tafuta kwenye kitabu chochote cha mimea, cha mzungu ama cha kwetu, hutalipata. Gugu ni hukumu. Inatolewa na mtu ambaye hajui kilicho mbele yake na hana haja ya kujua. Anasimama nyuma ya nyumba, anaona kitu cha kijani kimeota pahali hakupanda, anasema "toa hayo magugu." Kijana wa jembe anaitwa, ama siku hizi kijana wa pampu, na kesi imeisha. Mshtakiwa hakuulizwa hata jina.

Hoja yangu ni fupi. Sisi tuliolelewa mjini hatujui majina ya mimea inayoota mlangoni petu, na ujinga huo si wa kuchekesha. Unatunyima chakula, unatula pesa, na mara nyingine unaua. Halafu kuna watu wanaotuuzia tiba yake: programu za simu, madaktari wa miti shamba wa mtandaoni, na vitabu vyenye bei ya kodi ya nyumba. Wote hawatatusaidia, kwa sababu kila mmoja kwa njia yake anatuambia tuache kuangalia.

Tuanze na udongo wenyewe, nisije nikaonekana naongea hewani.

Nyuma ya ploti ninayoishi kuna kipande cha ardhi kati ya ukuta na matangi ya maji, hatua kumi kwa sita hivi. Hakuna aliyekipanda. Mvua za Aprili zikinyesha kinajaa hadi magotini. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokataa kupatikana, kwa hivyo mchana niko nyumbani naandika, na macho yakichoka na skrini naenda kuangalia pale. Nimehesabu mimea kumi na mmoja tofauti. Uliza wapangaji wa nyumba zote kumi na nne, watakupa jina moja kwa mimea yote kumi na mmoja. Unalijua.

Haya, twende mmoja mmoja, japo si yote.

Kuna ule wenye mbegu nyembamba nyeusi zinazokwama kwenye suruali. Waswahili wanauita kichoma mguu, na kule Tanzania wengine wanasema mashona nguo. Hebu sikia hilo jina. Mtu aliyelitunga aliwahi kutoka shambani, akaketi jioni kuchomoa mbegu moja moja kwenye kitambaa, akaona zimejipanga kama mishono. Jina lenyewe ni maelezo ya kutosha kukuwezesha kuutambua bila picha. Wafugaji wa sungura wanaujua, na wakati wa njaa majani yake machanga yameliwa sana.

Kuna ule mfupi wenye maua madogo, katikati njano na pembeni vipande vitano vyeupe vilivyotengana kama meno ya mtoto. Wakikuyu wanauita mung'ei. Asili yake ni Amerika Kusini. Ulipelekwa bustani ya Kew kule London karne ya 18 kama kitu cha kuhifadhiwa, ukaponyoka, ukatapakaa Uingereza yote. Jina lake la kisayansi, Galinsoga, ni la daktari mmoja Mhispania. Waingereza walishindwa kulitamka wakaligeuza kuwa "askari shujaa" kwa lugha yao. Sasa sikiza hii: kule Bogotá, Kolombia, mmea huohuo unaitwa guascas na ndio unaotia ladha supu yao maarufu ya ajiaco. Bila huo, supu hiyo si ajiaco. Sisi tunaulima na kuutupa nyuma ya choo.

Kuna mubangi, ule mrefu wenye harufu kali inayobaki mkononi hata ukinawa. Jina linatokana na bangi, kwa sababu ya hiyo harufu na umbo la majani. Nao ulitoka Amerika Kusini. Watu wa mashambani huuweka kwenye vibanda vya kuku kufukuza viroboto. Peru wanauita huacatay, wanausaga kuwa mchuzi na kula na viazi. Kwa hivyo kipande kile cha nyuma ya matangi kina viungo viwili vya jikoni ambavyo watu wa mabara mengine wanavinunua kwa pesa, na hapa kuna mtu analipwa kuvimaliza.

Halafu kuna managu na terere, na hapo sasa nakasirika.

Kwa sababu managu hiyohiyo, jioni hiyohiyo, mpangaji wa nyumba namba tano anainunua kwa mama mboga pale getini. Iliyofungwa kwa kamba ya mgomba ni mboga. Iliyo hatua ishirini kutoka jikoni kwake ni gugu. Tofauti kati ya hizo mbili ni kwamba moja imepitia mkononi mwa mtu anayejua jina lake. Tukilipa shilingi ishirini, sehemu ya pesa hiyo ni jasho la mkulima, sehemu ni nauli, na sehemu ni ujinga wetu.

Na ujinga huu ulifundishwa. Waliosoma somo la Kilimo sekondari wanajua ninachosema. Tulikaririshwa orodha ya magugu kwa Kiingereza na Kilatini: Bidens pilosa, Tagetes minuta, Datura stramonium. Tukaandika hasara nne za magugu na njia tano za kuyaangamiza, tukapewa alama. Sikumbuki swali hata moja lililouliza, "Mmea huu kwenu unaitwaje?" Mtoto anaingia darasani akijua jina moja ambalo nyanya yake alimwonyesha akilishika jani lenyewe, anatoka na jina la pili ambalo hajawahi kulihusisha na jani lolote. Hapo amepata alama na kupoteza mmea.

Kabla ya hapo kulikuwa na ukoloni, najua, kila insha ya jarida kama hili lazima ifike hapo. Lakini katika jambo hili ni kweli tu. Kabichi ilikuja na heshima ya mgeni, na mboga zilizokuwa zikijiotea kando ya boma zikaitwa chakula cha maskini. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa chuo cha JKUAT ametumia miaka yake mingi kuonyesha kwa vipimo kile ambacho mama zetu walikijua kwa mdomo: kwamba managu, terere, saga na mrenda zinaipita kabichi mbali kwa madini ya chuma na vitamini A. Mwaka 2021 UNESCO ikaiweka kazi ya Kenya ya kuokoa vyakula vya asili kwenye orodha yake ya mifano mizuri ya kuigwa. Tulipiga makofi. Kisha tukarudi nyumbani tukaita kijana wa pampu.

Sasa tuje kwa hao wauzaji wa tiba.

Wa kwanza ni simu. Unapiga picha, programu inafikiri sekunde mbili, inakupa jina na asilimia. Sikatai kwamba ina kazi yake. Inaweza kukufikisha kwenye ukoo wa mmea, na kama unajua kuuliza swali la pili, hiyo ni hatua nzuri. Shida ni kwamba tunaiacha iwe hatua ya mwisho. Programu hizi zimejifunza kutokana na picha za watu, na picha nyingi zimetoka Ulaya na Marekani Kaskazini, kwa watu wenye simu nzuri na wikendi ndefu. Zinajua waridi la bustani ya London kuliko saga ya Kisii. Programu moja niliyoijaribu kwa managu ilinijibu kwamba ni Solanum nigrum na kuniwekea alama nyekundu ya sumu.

Hebu fikiria kijana wa Nairobi ambaye mama yake amekufa ama yuko mbali, anapata jibu hilo. Ataamini nani? Simu ina asilimia tisini na mbili. Mama hakuwahi kutaja asilimia.

Na ukweli una pande zake. Tunachokiita managu ni mimea kadhaa ya ukoo mmoja. Kuna yenye majani mapana na matunda ya zambarau, Solanum scabrum, na kuna yenye matunda ya rangi ya machungwa, Solanum villosum. Matunda mabichi ya kijani yana solanini, na hayo si ya kuliwa. Majani yanachemshwa, wengine wanamwaga maji ya kwanza, Wakisii na Wakalenjin wanayalaza na maziwa hadi uchungu upungue. Maelezo yote hayo ni sehemu ya kuutambua mmea. Jina bila namna ya kupika ni nusu ya jina. Programu inakupa hiyo nusu na alama nyekundu, halafu inakuonyesha tangazo.

Wa pili ni hawa mabwana wa video za miti shamba. Hawa ni hatari zaidi, kwa sababu wanasema kwa lugha yetu na wanatupiga pale penye uchungu. Ati mmea huu unaponya kisukari, presha na nguvu za kiume, chemsha kunywa siku saba. Jina hawakupi, ama wanakupa la kubuni, ndio ununue unga kwao. Anayekuficha jina la mmea hataki uujue, anataka umtegemee yeye. Na wanaeneza uongo mbaya kuliko wote, kwamba kitu kikiwa cha asili hakiwezi kukudhuru.

Nirudi nyuma ya matangi. Kwenye kona, karibu na bomba linalovuja, umeota mmea mmoja wenye majani mapana yaliyokatwakatwa pembeni. Ukiyasugua yananuka vibaya. Ua lake ni jeupe kama tarumbeta, na tunda ni la kijani lenye miiba, ndani limejaa mbegu. Huo ni mnanaha. Ni wa asili kabisa, na unaweza kukuua. Mwaka 2019 kule Karamoja, Uganda, mbegu za mmea wa jamii hiyo ziliingia kwenye unga wa lishe uliogawiwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Mamia ya watu waliugua, watano wakafa. Kemikali zilizo ndani yake zinavuruga akili, zinakausha mdomo, zinapanua mboni za macho na kuupiga moyo mbio. Hatua nne kutoka kwa mnanaha huo kuna mbarika, na mbegu zake zile nzuri za madoadoa, ambazo watoto wa ploti huzichezea, zina risini. Ukitafuna chache unaweza usiamke.

Watoto wa ploti yetu wanacheza hapo kila siku. Wazazi wao wanajua nini kiko pale? Magugu.

Ndiyo maana siwezi kumvumilia mtu anayesema kujua mimea ni hobi ya wenye nafasi. Neno moja linafunika mboga ya jioni na sumu ya kumaliza nyumba, na sisi tumeridhika nalo.

Wa tatu ni vitabu, na hapa hasira yangu ina huzuni ndani yake, kwa sababu kazi ilifanywa na ilifanywa vizuri. Kule kwenye Makumbusho ya Taifa, Nairobi, kuna hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya Afrika Mashariki. Ilianzia Amani, Tanganyika, mwaka 1902, ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950. Mradi wa kuandika mimea yote ya Kenya, Uganda na Tanzania ulianza kuchapishwa mwaka 1952 na ukakamilika mwaka 2012. Miaka 60, spishi zaidi ya 12,000. Ni kazi ya ajabu. Imeandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu, na hakuna mtu katika ploti yetu atakayeweza kuinunua ama kuisoma.

Wako waliojaribu kujenga daraja. Kokwaro alitoa kamusi ya mimea ya Kijaluo na Kiingereza mwaka 1972, na miaka minne baadaye kitabu chake cha mimea ya dawa. Patrick Maundu na wenzake walitoa kitabu cha mimea ya chakula ya asili ya Kenya mwaka 1999, majina ya lugha zetu yakiwa yamepangwa humo. Hao nawavulia kofia. Swali ni kwa nini, miaka yote hii baadaye, mtoto wa Umoja hana kijitabu cha kurasa thelathini, kwa Kiswahili, chenye picha za mimea inayoota Umoja. Tuna kamusi za istilahi za kompyuta. Tuna tafsiri za katiba. Cha mimea ya nyuma ya choo hatuna.

Na si kwamba lugha imekosa maneno. Kiswahili kina mnavu kwa managu, mgagani kwa saga, kivumbasi kwa ile yenye harufu inayofukuza mbu, na ile inayotambaa chini yenye majani manono Waswahili wa pwani wanaiita tako la hasani, wacha nisiseme zaidi. Nairobi nayo ina kamusi yake. Managu na terere zimetoka midomoni mwa Wakikuyu na Wakisii, mrenda na saga upande wa Waluhya, mitoo kwa Wajaluo. Jedwali la mama mboga ni pahali pamoja katika jiji hili ambapo lugha za kabila zote zimekaa bila kugombana, na kila mtu anajua anachonunua. Hilo ndilo darasa letu, na ada yake ni kununua mboga na kuuliza swali.

Mwaka jana, baada ya mvua, jirani yangu, mama mmoja kutoka Vihiga, alikuwa ameanza kuchuma terere ile ya nyuma ya matangi. Asubuhi moja akakuta kijana ana pampu mgongoni.

"Kijana, hiyo unamwagia nini?"

"Ni dawa ya magugu, mama. Landilodi amesema."

"Hiyo ni mboga yangu."

"Mimi nimeambiwa magugu, mama."

Kijana hakuwa na kosa. Alilipwa kwa hilo neno. Siku tano baadaye kila kitu kilikuwa kimegeuka rangi ya majani ya chai, na watoto waliendelea kucheza palepale. Dawa nyingi za aina hiyo zina glaifosati. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliiweka kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani kwa binadamu. Mamlaka nyingine za udhibiti zimepinga uamuzi huo, na ubishi unaendelea. Mimi sihitaji ubishi huo uishe ndipo niulize swali dogo: kwa nini imwagwe kwenye mboga, mita tatu kutoka kwa tangi la maji, na mtu asiyeambiwa ni nini anaua? Na kilichorudi kwanza mvua iliponyesha tena, bila aibu, ni ule mnanaha wa kona.

Najua kuna watakaoniletea methali ya mwacha asili ni mtumwa. Asanteni, lakini sitaki kuingizwa kwenye kwaya hiyo. Sisemi cha kwetu ni kizuri na cha mgeni ni kibaya. Nusu ya mimea niliyoitaja ilitoka Amerika. Ninachosema ni kwamba mgeni aulizwe jina na tabia kabla ya kukaribishwa au kufukuzwa. Waulize watu wa Baringo. Miaka ya 1980 waliletewa mti wa mathenge kuzuia jangwa. Ukasambaa, ukafunga malisho, maganda yake matamu yakaozesha meno ya mbuzi. Mwaka 2006 wakampeleka mbuzi asiye na meno hadi kortini Nairobi kama ushahidi. Watu walicheka kwenye habari. Kwangu mbuzi yule ni shahidi aliyesema jambo zito: wenye ardhi waliletewa mmea ambao hawakuambiwa kila kitu kuuhusu.

Basi tufanye nini? Si mambo makubwa.

Chagua mimea kumi inayoota ndani ya hatua mia kutoka mlangoni pako. Iangalie kwa macho kabla ya kuiangalia kwa simu. Majani yanakaa mawili mawili yakitazamana, ama moja moja kwa kupishana? Shina ni la mviringo ama la pembe nne? Ukilikata linatoa utomvu mweupe? Kama ni mweupe, toa mkono na usiguse macho, utomvu wa kariaria umeshaumiza wengi. Kuna nywele? Harufu ni gani? Subiri ua, kwa sababu majani yanadanganya lakini ua mara nyingi husema ukweli. Subiri tunda. Usionje kamwe ili kujua. Kisha uliza watu wawili wasiojuana, mmoja awe mzee, na ukipata majina mawili tofauti usichague, andika yote mawili na lugha zake. Piga simu nyumbani. Shosho, dani, kuku, vyovyote unavyomwita, muulize hii kwenu inaitwaje na ililiwa vipi, na umrekodi akiongea, kwa sababu hatakuwepo siku zote. Ukishindwa kabisa, kausha tawi lenye ua ndani ya gazeti ulipeleke Makumbusho. Hifadhi ile ni yetu.

Na wewe unayesoma Botania chuoni, uliyebaki pale ambapo wengine tulitoka, andika hicho kijitabu. Kurasa thelathini tu. Kwa Kiswahili kinachosomeka kwenye matatu. Weka mnanaha ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa, na managu wa pili. Kijana wa pampu apewe nakala yake bure, kabla ya mvua zijazo.